Mshono wa Damu Yangu

Ukiuliza Asiatique nzima, mtaa wetu wa maduka, ni nani aliyeanza na pampu ya baiskeli akafika kuuza injini za malori, utaletwa kwangu. Sisemi kwa majivuno, ni habari inayojulikana. Sikusoma. Shule niliiacha nikiwa bado nahesabu kwa vidole, nikakaa kando ya barabara ya Kinama, mtaa wa maskini, na beseni la maji, gundi na kipande cha msasa, naziba pancha. Pancha zikanifikisha kwenye breki, breki zikanifikisha kwenye vipuri, vipuri vikanipa duka la milango miwili, na duka likanipa nyumba Gihosha, huko juu kwa wakubwa wa serikali, nyumba ya vigae na geti la chuma nililolichomea mimi mwenyewe. Hakuna baba aliyenishika mkono, wala mjomba, wala chama.

Kwa hiyo ninaposema kwamba kuna wakati niliishi na choo changu ubavuni, ndani ya mfuko wa plastiki, nataka anayesoma ajue kwanza ni mtu wa namna gani aliyekuwa anaubeba mfuko huo.

Vita vya sisi Warundi kwa sisi vilikuwa bado havijaisha. Mabomu yalikuwa yanatupwa kutoka milimani, na siku moja moja yaliangukia hata kwetu Gihosha, kwa hiyo mke wangu na watoto niliwapeleka Kigoma kwa shangazi yake. Mimi nilibaki kulinda duka, maana duka la mtu aliyekimbia halikai wiki bila kuvunjwa. Nilibaki na vyumba vingi na sauti ya ufunguo wangu mwenyewe. Kinama ukipiga chafya, nyumba tatu zinakwambia pona. Gihosha kila mtu ana geti. Niliishi pale miaka bila kujua jina la jirani wa kulia, na wa kushoto nilimjua kwa mlio wa gari lake tu. Nilizitaka kuta zile ndefu kwa nguvu zangu zote, nikazipata.

Tumbo lilinianza dukani. Lilivimba kama tyubu iliyotiwa upepo kupita kiasi, likawa gumu, hakitoki choo, haitoki hewa. Mfanyakazi wangu alinipakia kwenye teksi akanipeleka hospitali. Daktari wa upasuaji alikuwa Mrundi aliyesomea Ulaya, akarudi wakati wenzake walikuwa wanaondoka. Alinipapasa akasema utumbo umejisokota, kipande kimekosa damu na kimeoza, lazima kikatwe. Nilipozinduka, kipande kilikuwa kimekwenda. Ncha ya juu ya utumbo walikuwa wameitoa nje, ubavu wa kushoto, nyekundu, yenye majimaji, kama mdomo wa mtoto mchanga. Ncha ya chini waliifunga ndani. Daktari akasema ndani mlikuwa na uchafu na uvimbe, angeunganisha siku ile mshono usingeshika. Tungojee nipate nguvu, halafu ataunganisha.

Mifuko yenyewe ya kazi hiyo haikuwepo mjini. Wagonjwa wengine walifunga vitambaa. Mimi sikukubali. Nilikata duara kutoka tyubu ya lori, nikalilainisha kingo, nikabana juu yake mfuko wa plastiki, nikaushika wote kwa mkanda mpana kiunoni. Ulishika vizuri kuliko chochote walichokuwa nacho pale. Muuguzi mmoja alikuja mpaka dukani kuniomba nimtengenezee mgonjwa mwingine vifaa vya namna hiyo, nikamtengenezea vitano bure.

Lakini harufu haina mkanda. Nilikuwa naijua kabla ya mtu mwingine kuijua, au nilidhani naijua, na jambo hilo linachosha sawasawa. Mteja akirudi nyuma hatua moja kutazama kipuri kwenye mwanga, mimi moyo unaanguka. Nilihamisha kiti changu nyuma ya rafu, nikawa natoa bei kwa sauti kutoka ndani kama padri wa kitubio. Wenzangu wa Asiatique tulikuwa tunakula mchana pamoja, sinia moja, mikono sita au saba. Nikasema daktari amenikataza mafuta. Nikala peke yangu kwenye stoo, katikati ya matairi.

Msikiti ndio ulioniuma zaidi. Najua sheria ina huruma kwa mwenye udhuru, hilo hata mimi nisiyesoma nalijua. Lakini pua za watu hazikusoma sheria. Katika safu mnasimama bega kwa bega, mguu unagusa mguu, na ukisujudu mkanda unabana na mfuko unatoa sauti yake. Nilijaribu Ijumaa moja. Mfuko ulinong'ona katikati ya sijida, na kijana wa pembeni yangu akavuta pumzi. Labda alikuwa na mafua. Sikurudi. Nikawa nasali nyumbani, katika sebule yenye viti vya watu kumi na wawili, imamu mimi, maamuma mimi.

Mke wangu nilimwambia kwa simu kwamba nilipasuliwa kidogo, nimepona. Alitaka kuja. Nikamwambia barabara ni mbaya, watu wanatekwa, akae na watoto. Barabara kweli ilikuwa mbaya. Lakini hata ingekuwa nzuri nisingetaka ausikie mfuko ule ukinong'ona kitandani.

Basi nilikuwa na haja moja tu duniani: ncha zile mbili ziunganishwe, zishike, nirudi kusimama katika safu na watu.

Miezi ikapita. Daktari aliponiita tena, alinikalisha mbele ya meza yake, akaniita patroni, yaani tajiri, kama mji mzima unavyoniita, akasema bila kuzunguka.

“Patroni, mi nakuambia ukweli. Nitaunganisha. Lakini ncha ya chini si nzuri, iko na makovu. Mushono wa utumbo ukifunguka, uchafu unamwagika ndani ya tumbo. Watu wanakufa na hiyo. Na asiyekufa, anarudi kwa mufuko, na safari hiyo ni ya maisha.”

“Na ukishika?”

“Ukishika, unaenda choo kama mimi.”

Nikamwambia ashone. Akazungusha kalamu, akasema kuna kitu alikiona Ulaya kwa mwalimu wake. Wanachukua damu ya mgonjwa mwenyewe asubuhi ya upasuaji, wanaizungusha kwa mashine mpaka inajigawa. Nyekundu inabaki chini, juu inabaki maji ya njano, na humo wanakusanya vile vidogo vinavyogandisha damu mtu akijikata. Wanatia dawa kidogo, inaganda kama jeli, na jeli ile wanaipaka juu ya mshono.

Mimi nikaruka kwenye kiti. “Dokta, hiyo naijua! Mi nauza hiyo! Ni ile dawa tunapaka kwa gasketi ya injini kabla ya kukaza bolti, ili mafuta isivuje!”

Alicheka mpaka akavua miwani. “Apana, patroni. Ile yako inaziba tu. Chuma haioti. Hii inaita nyama ije. Inaiambia: hapa pamekatwa, njoo ujenge.”

“Inafanya kazi kweli?”

“Wengine wanasema ndiyo, wengine wanabishana mpaka leo. Mi siahidi. Mushono mubaya, hata uupake nini, utafunguka. Mushono muzuri, labda hii inausaidia.”

Niliupenda ukweli wake. Na niseme wazi kitu kingine nilichokipenda. Siku zile mtu akiambiwa mgonjwa wake anahitaji damu, swali la kwanza kinywani halikuwa kiasi gani. Lilikuwa: damu ya nani? Watu walikuwa wameshachinjana vya kutosha kwa ajili ya damu, na hata chupa ya hospitali waliitazama kwa jicho la pembeni, kana kwamba itawasemesha usiku kwa sauti ya adui. Mimi nilikuwa naambiwa kwamba dawa yangu itatoka kwenye mkono wangu wa kulia na kuingia kwenye tumbo langu. Hakuna wa kumshukuru. Nilijijengea duka, nilijijengea nyumba, sasa nitajijengea utumbo. Nilitoka pale natembea kama bwana harusi.

Mlangoni daktari akaniita. “Patroni. Nani atakulinda?”

Hili lataka maelezo kwa wasiojua hospitali zetu. Kwetu mgonjwa haji peke yake. Anakuja na mtu, Kirundi kinamwita murwaza, ambaye analala chini ya kitanda, anapika uani, anafua, anaosha, anapokea maneno ya daktari. Hospitali ina daktari, kitanda na sindano. Sahani, shuka na mkono wa kukuinua unakuja navyo kutoka kwenu. Mgonjwa asiye na murwaza ni kama maiti isiyo na wa kuizika, watu wanakutazama wanajiuliza umefanya nini.

“Watu wangu watakuja,” nikasema. “Mi nina watu wengi.”

Asubuhi ya upasuaji muuguzi alinitoa damu, mirija kadhaa, akaipeleka kwenye maabara upande wa pili wa ua. Umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri. Jenereta ikawashwa ili mashine izunguke, na mimi nikiwa kitandani niliitambua sauti ya mkanda wake. Mkanda ule ulitoka dukani kwangu. Nikamwambia daktari anionyeshe mrija kabla hajanilaza. Akaniinulia kwenye mwanga wa dirisha. Chini nyekundu nzito, karibu nyeusi. Juu njano, safi kama mafuta ya kupikia. Na katikati utando mwembamba mweupe, vile vidogo vyenyewe, ambao kama hukuonyeshwa huuoni.

“Ni wewe huyo,” akasema.

Nilijitazama. Halafu wakanilaza.

Nilizindukia katika chumba cha watu wanane. Nilipogusa ubavu wa kushoto, mfuko haukuwepo, palikuwa na bandeji tambarare. Sijui kama kuna mtu amewahi kupapasa bandeji kwa furaha namna ile. Daktari akaja, akasema ameshona tabaka mbili, amepaka jeli, sasa kazi ni ya mwili. Nisitie kitu chochote mdomoni, hata maji, chupa ya mkononi inatosha. Tungojee dalili moja kati ya mbili. Nikipata homa na tumbo likawa gumu, mshono umefunguka. Nikitoa upepo kwa njia ya chini, umeshika na njia iko wazi.

“Upepo?”

“Ushuzi, patroni. Unataka nikuandikie?”

Chumba kizima kikasikia.

Katika kitanda cha karibu alilala fundi mwashi wa Kinama, mguu umepigwa na kipande cha bomu, mtu wa maneno. Murwaza wake alikuwa mkewe, mama wa makamo, mwembamba, kitambaa kichwani, mikono haitulii. Yeye na mimi tulijuana nani ni nani, kwamba makabila yetu ndiyo yanayopigana, kwa dakika ile ile ya kwanza, bila kuulizana. Watu wa wakati ule walijua kusoma pua na lafudhi kuliko walivyojua kusoma kitabu. Nilimwambia nami nililelewa na barabara ya Kinama. Akanitazama pajama zangu za hariri.

“We? Kinama gani hiyo yenye hariri?”

“Ile ya pancha, mama. Mi niliziba pancha ya Kinama yote.”

“Basi ndiyo maana zinavuja mpaka leo,” akasema mwashi, na vitanda vikacheka.

Siku ya kwanza walinizoea kwa utani. Siku iliyofuata utani ukageuka. Saa ya chakula wajukuu, wake, dada waliingia na masufuria yamefungwa kwa vitambaa, chumba kikajaa moshi wa uani na harufu ya maharage na ndagala, dagaa wa ziwani. Kila kitanda kikapata mtu. Mfanyakazi wangu nilikuwa nimemwachia duka, kwangu pakabaki chupa ikidondoka. Midomo yangu ilikuwa imepasuka. Niliigeuza shingo nikatazama ukuta, nikasikia mama yule ananiuliza:

“Patroni, watu yako iko wapi?”

“Wako njiani.”

“Njia gani hiyo haifiki?”

“Wanatoka Kigoma.”

“Na hapa mujini? Mutu mukubwa kama we, hauna hata mutu mumoja wa kukuletea maji?”

“Mama, mi nimekatazwa kula. Dokta mwenyewe amesema.”

Alitikisa kichwa polepole, kama unavyomtikisia kichwa mtoto anayesema ameshiba kwa wenyewe. Nilielewa baadaye tu alichokuwa anakiona. Katika maisha yake yote, mtu asiyekula hospitalini alikuwa mtu asiyeletewa. Hakuwahi kuona aina nyingine. Mtu mwenye kiburi, amelala na hariri yake, hana wa kumpikia, anaona haya kusema, anasingizia daktari. Angeniamini vipi? Tena mimi mwenyewe nilishajaza chumba kwa habari za duka la milango miwili, nyumba ya Gihosha na watu wangu wengi.

Kesho yake akaja na bakuli la pili. Uji wa sosoma, ule wa soya na mtama na mahindi, mzito, umetiwa sukari, mvuke unapanda. Hakuja kwa mumewe. Alikuja moja kwa moja kwangu, akakaa ukingoni mwa kitanda changu, mahali ambapo hakuna mtu aliyekuwa amekaa tangu niingie, na kabla sijasema neno akanywa funda moja mbele yangu, akameza, akafuta ukingo wa bakuli kwa kidole gumba, akaninyoshea.

Asiyekuwa wa kwetu hawezi kujua alichokifanya mama yule. Kwetu anayekupa kinywaji anaonja kwanza, ili uone kwa macho yako kwamba hakuna sumu. Ni adabu ya zamani, hata baina ya ndugu. Lakini mwaka ule, yeye alivyokuwa na mimi nilivyokuwa, funda lile lilikuwa kubwa kuliko hotuba zote zilizokuwa zinasomwa redioni. Akishaonja, hukatai. Ukikataa, unasema mbele ya watu kwamba hata alichokunywa yeye kitakuua wewe.

Kila mtu alikuwa anatazama bakuli.

“Mama,” nikasema, “siwezi.”

“Kunywa kidogo.”

“Utumbo umeshonwa. Ukiingia uji, mshono utafunguka. Wallahi nakuambia ukweli.”

“Uji inafungua mutu?” Alitazama vitanda vingine. “Uji! Mi nimenyonyesha watoto saba na uji. Banakunyima kwa kuwa hauna mutu, na we unabatetea.”

“Mama, ngoja mpaka nitoe...” Sikuweza kulimaliza neno lile mbele yake, jinsi alivyokuwa amekaa, bakuli kwenye viganja viwili.

“Nimeonja,” akasema.

“Nimeona.”

“Nimeonja, umeniona, na unakataa.”

Nilikuwa na kiu ambayo sijawahi kuwa nayo kabla wala baadaye. Harufu ya mtama ilinifikia mpaka nyuma ya macho. Na nitasema ukweli: si kiu iliyonishika zaidi, ni kule kukaa kwake ukingoni. Uzito wake uliinamisha godoro upande wake, na mwili wangu wote ulikuwa umeelekea huko. Funda moja. Nani amekufa kwa funda moja? Halafu nikafikiri juu ya utando ule mweupe ndani ya mrija, ukiwa kazini gizani huko chini, unaita nyama ije ijenge. Nikafunga mdomo.

Alisimama. Godoro likarudi sawa. Akafunika bakuli kwa kitambaa bila kumwaga hata tone.

“Sawa, patroni. Uko unaogopa mukono yangu.”

“Apana, mama. Siogopi.”

“Na mi nilisema huyu ni wa Kinama.”

Mumewe, mtu wa maneno, alinyosha mkono tu. Alipokea bakuli akanywa lote, macho yake kwenye dari. Hakuna aliyenitukana. Ingekuwa afadhali. Waliendelea na mazungumzo yao kwa Kirundi cha chini chini, na mazungumzo yakawa yanapita juu ya kitanda changu bila kutua. Mama alikuja na kurudi, alifua, alimgeuza mumewe, alichota maji kwa ajili ya kila mgonjwa aliyemwomba, na njia yake ilizunguka kitanda changu kama mtu anavyozunguka shimo. Nilimwita muuguzi amweleze. Muuguzi alikuwa na wagonjwa wa vyumba vitatu. Akasema, “Mama, huyu hawezi kula,” akaenda zake, na mama akajibu, “Ndiyo, najua, hawezi.”

Nilikwishalala peke yangu miezi mingi, sikuwa mgeni wa jambo hilo. Lakini nyumbani upweke wangu ulikuwa na geti, niliufunga na kuufungua mwenyewe. Pale ulikuwa umelazwa katikati ya watu wanane na ndugu zao, na kila mtu anauona. Nilihesabu matone ya chupa. Nilipapasa tumbo kila mara kuona kama limekuwa gumu. Niliweka kiganja kwenye paji la uso kutafuta homa, na mtu akijishika mwenyewe homa, mkono na uso vina joto moja, hutambui kitu.

Upepo ulikuja mchana, saa ya jua kali, watu wamesinzia. Kwanza tumbo lilinguruma, kitu kikatembea ndani kama panya kwenye dari, kikafika kwenye mshono, na pale nilishika vyuma vya kitanda kwa mikono miwili. Kikapita. Sikukisukuma wala sikukizuia. Kilitoka kwa mlio ambao sikuutegemea kwa mtu aliyekuwa hajala.

Mwashi alishtuka usingizini. “Wameanza kupiga! Imetokea upande gani?”

“Hapa hapa,” akajibu mzee wa kitanda cha dirishani. “Gihosha wamejibu!”

Kicheko kikawa cha chumba kizima, wenye mishono wakishika mishono yao, na mimi nacheka nalia, nasema “Alhamdulillahi, Alhamdulillahi,” na kila nikisema wanacheka zaidi. Nilitazama mlangoni. Mama alikuwa uani, anaanika nguo.

Daktari alipofika alinibonyeza tumbo, akatega sikio lake la mpira, akatabasamu kama kijana. “Jeli yako imeshika, patroni, au mushono yangu. Tutagawana sifa.” Nikamwambia sifa ni za mwenye damu. Akasema haya, basi. Akaniruhusu maji leo, uji kesho.

Mama aliporudi na beseni lake kiunoni, mumewe alimsimulia yote, na mlio akauigiza. Alitabasamu kidogo, kwake yeye, si kwangu. “Mungu asifiwe,” akasema. Nikajiinua kwa kiwiko.

“Mama. Umesikia? Dokta amesema kesho nitakunywa uji.”

Alikuwa anakunja shuka, pembe kwa pembe. Ndipo nikaona kifurushi kimeshafungwa chini ya kitanda, na magongo mawili yameegemezwa ukutani.

“Kesho sisi tutakuwa Kinama,” akasema. Wala hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayejibu saa ngapi.

Waliondoka jioni ile ile kabla ya barabara kufungwa. Mwashi alinipa mkono, akaniambia niangalie tairi la nyuma. Mama alinipa kichwa, yaani alikiinamisha, kwa adabu kamili. Uji wangu wa kwanza uliletwa kesho yake na mfagiaji aliyeununua getini. Ulikuwa mwepesi na umepoa. Hakuna aliyeonja kwanza. Niliunywa wote, ukashuka, ukapita ulipopaswa kupita, na hakuna kilichovuja. Damu yangu ilikuwa imefanya kazi yake, kama kila kitu nilichokifanya kwa mkono wangu.

Watu wananiambia, kama ulikuwa na shukrani si ungemtafuta? Nilimtafuta. Nilipanda Kinama na gari langu nikiwa nimepata nguvu, nimepakia mchele na mafuta, naulizia mwashi mwenye magongo. Mitaa mingi ilikuwa imehama, mingine imeungua. Waashi wenye magongo walikuwa wengi. Mchele niligawa kwa watu niliowakuta, wakaniombea dua, nikashuka mjini.

Ijumaa ya kwanza niliyoweza kutembea bila kujishika tumbo, nilifunga duka mapema. Nilitawadha polepole, nikamwaga maji mengi kuliko inavyotakiwa. Nikasimama katika safu. Bega la kulia la mtu, bega la kushoto la mtu, miguu imegusana. Tulipokwenda sijida niliteremka na watu wote, tumbo langu likagusa mapaja kimya, hakuna kilichobana wala kunong'ona, na nilikaa chini kule kidogo zaidi ya imamu.

Baada ya salamu, muuza vitenge wa duka la jirani akanigeukia, akanishika mkono kwa mikono miwili.

“Aa, patroni! Miezi yote hii hauonekani, mutu hata kula na sisi umekataa. Tukasema huyu sasa ni mutu wa Dubai, anaenda anarudi na mizigo. Ni Dubai, sivyo?”

Alikuwa anangoja, uso umejaa furaha ya kweli. Nyuma yake watu walikuwa wanatafuta viatu vyao.

“Dubai,” nikasema.

“Na mambo ya huko?”

“Mazuri. Joto tu.”

Akacheka, akanipiga bega, akatoka. Nilibaki nimekaa kwenye mkeka mpaka mwenye funguo akaanza kufunga madirisha.